Pikipiki Kati ya Saruji na Magodoro

Mwakitolyo haina supamaketi, wala haina wakala wa kampuni yoyote ya magari. Ina maduka. Na duka la machimboni huliulizi linauza nini. Unauliza kama kitu fulani bado kipo au kimeisha. Kwenye duka moja la barabarani utakuta saruji, mabati, magodoro yaliyobanwa kwa kamba, sola, betri, sururu, nyundo za kuvunjia mawe, mipira ya kutolea maji kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, vitenge, jezi za Simba na Yanga. Na hapo mlangoni, zikiwa zimepitishwa mnyororo mmoja, pikipiki mpya nne au tano, nailoni bado iko kwenye tangi na kwenye siti. Bei haijaandikwa. Ukiuliza, unajibiwa kwa swali: unachukua keshi au tunaongea?

Hapo ndipo sisi wa huku tunaponunua vyombo vipya vya moto. Watu wa mijini wakisikia hucheka. Kwao kitu chenye injini, tena kipya, kinauzwa kwenye nyumba ya vioo yenye kiyoyozi na kijana wa kukuletea maji ya baridi. Duka la saruji ni la saruji. Mimi nimeingia milango yote miwili nikiwa na hela mkononi, na sikubaliani nao, ingawa sikubaliani pia na majirani zangu wanaosema wakala ni mwizi tu aliyevaa tai.

Kwa asiyekujua kwetu: Mwakitolyo iko wilaya ya Shinyanga, upande wa Solwa, ukielekea magharibi unaikuta Kahama na ukipanda juu unaingia Nyang'hwale, mkoa wa Geita. Ni nchi ya pamba, mpunga na ng'ombe iliyogundulika ina dhahabu chini. Wachimbaji wadogo wamechimba maduara kila upande, na palipo na duara pana karasha la kusaga mawe, pana mialo ya kuoshea, pana mama wa kupika wali. Mimi nilikuwa huyo wa wali. Banda langu lilikuwa karibu na makarasha, kiasi kwamba chakula changu kilinukia vumbi la mawe na hakuna aliyelalamika.

Machimboni umbali ni hela. Mawe yanatoka duarani kwa mifuko na lazima yafike kwenye karasha. Maji yanabebwa kwa madumu. Mtu akipata pointi zake za dhahabu anataka akauze leo, si kesho, na tangu Machi 2019, soko la kwanza la madini lilipofunguliwa Geita na mengine yakafuata, safari za mjini zimeongezeka badala ya kupungua. Mgonjwa naye hasubiri mchomoko ujae abiria. Serikali ilitoa kanuni za kuziruhusu pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa leseni mwaka 2010, lakini huku zilikuwa zimeshabeba siku nyingi, abiria wawili kwa mpigo na mfuko wa mchele mbele ya dereva. Nilikuwa naangalia hela hiyo ikipita mbele ya banda langu. Mdogo wangu alikuwa anaendesha pikipiki ya mtu kwa hesabu ya kila siku, anarudi jioni amechoka, bosi amelala. Nikaamua tuwe na ya kwetu.

Kabla sijafika dukani niseme neno moja juu ya mzee wangu, maana watu wanadhani kuuza chombo cha usafiri pamoja na sabuni ni mambo ya vurugu za machimbo. Baba alipata baiskeli yake ya Phoenix enzi za RTC, ile kampuni ya biashara ya mkoa, wakati bidhaa zinagawiwa na ili uuziwe lazima uwe na kibali. Baiskeli ilitoka ghala lile lile lililotoa sukari, khanga na majembe ya UFI. Kabla ya hapo, wazee waliomtangulia walinunua baiskeli kwenye maduka ya Wahindi msimu wa pamba ukifunguliwa, kwenye kaunta iliyopimiwa kitambaa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza wakala wa Phoenix yuko wapi. Baiskeli ilikuwa ndiyo gari, na gari liliuzwa panapouzwa kila kitu.

Nilianza kwa wakala, mjini. Jina la mji na la wakala tuyaache. Kijana alinipokea vizuri, sina la kumsema. Akanipa profoma yenye nembo, akaniambia niwe na TIN na kitambulisho cha NIDA, hela nikalipe benki nimletee risiti, na pikipiki ya rangi ninayotaka ingefika baada ya wiki mbili hivi. Bei haipungui. Ndani ya bei hiyo kulikuwa na waranti na matengenezo ya mwanzo ya bure, ila yafanyike hapo hapo kwao.

Nikamuuliza, "Mwanangu, nikitoka Mwakitolyo kuja kumwaga oili ya bure, mafuta ya kunileta hapa analipa nani?"

Akacheka kwa adabu. "Hayo ni ya mteja, mama."

Alikuwa sahihi. Lakini siku ya pikipiki kwenda mjini na kurudi ni siku isiyo na hesabu, na oili ya bure ingenigharimu kuliko ya kununua. Nikakunja profoma, nikapanda gari la Solwa.

Sasa kwa Mangi. Hilo ndilo jina tunalomwita, kama wenye maduka wengi nchi hii wanavyoitwa, na yeye kweli ni wa Kilimanjaro, kaja na rashi ya dhahabu ya miaka ya nyuma akabaki. Alikuwa anakula kwangu kila mchana.

"Mwadila, Mangi."

"Mwadila, mama. Leo umenifuata mwenyewe? Nadaiwa?"

"Hudaiwi. Nimekuja kwa hiyo nyekundu."

Akaangalia ile nyekundu, akaniangalia mimi. "Hiyo mtu kaishika, kalipa nusu. Lakini iko nyingine kwenye boksi. Naifungua mbele ya macho yako."

Kufunguliwa boksi mbele ya macho ni jambo kubwa huku. Ndiyo cheti chetu. Pikipiki iliyosimama mlangoni mwezi mzima inaweza kuwa imeazimwa na mtoto wa mwenye duka kwenda mnadani, lakini ya kwenye boksi haijakaliwa na mtu. Tukaongea bei. Ilikuwa ndogo kuliko ya wakala, na bado akatoa elfu hamsini, akaongeza kofia ngumu mbili na oili. Sehemu kubwa nikalipa pale pale, noti za mauzo ya wali ya miaka, na iliyobaki akaiandika kwenye daftari la kaunta, lile lile la madeni ya unga na vocha, kwa kalamu ile ile. Tukakubaliana nitamalizia pole pole. Hakunitaka taarifa ya benki. Alijua ninauza sahani ngapi, maana alikuwa anaziona.

Ufunguaji wa boksi niueleze vizuri, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalianzia hapo.

Pikipiki haiji imesimama. Inakuja imelazwa ndani ya fremu ya chuma iliyozungushiwa karatasi ngumu, gurudumu la mbele limetolewa, usukani umepindwa na kufungwa kwa waya, vioo na taa za pembeni ziko kwenye vifuko, betri kavu kwenye kiboksi chake, na tindikali yake kwenye chupa ya plastiki pembeni. Kijana wa kufungia, ambaye asubuhi nilimwona anapakua saruji, alikuja na spana namba kumi, namba kumi na nne na koleo la kukamatia. Akakata karatasi, akaondoa fremu na kuiweka kando, maana fremu Mangi anaiuza peke yake. Nusu ya mabenchi ya vilabu vya pombe Mwakitolyo yamechomelewa kutokana na vyuma hivyo. Akainua mbele kwa ndoo ya rangi iliyopinduliwa, akapachika gurudumu, akalizungusha, akafumba jicho moja. "Iko sawa." Akapachika usukani. Akamimina tindikali kwenye betri, akaifunga pale pale bila kuichaji. Akatia oili. Petroli ikatoka kwenye chupa ya maji ya Kilimanjaro. Tairi akaibonyeza kwa kidole gumba, akaridhika. Akapiga kiki mara tatu, ikawaka, watoto wakashangilia, mdogo wangu akapanda. Kazi yote ilikwisha kabla chai ya Mangi haijapoa.

Ilikuwa pikipiki nzuri. Ilikuwa imefungwa vibaya. Barabara ya Solwa si ya lami, na udongo wetu wa mbuga mvua ikinyesha unashika gurudumu mpaka linagoma kuzunguka. Haukupita muda mrefu spoku za nyuma zikalegea, gurudumu likaanza kucheza kiuno. Betri ikawa inawasha taa kama mtu anayesinzia, kisha ikafa kabisa. Nati moja ya injini ikadondoka njiani, hatukuiona tena. Nikaenda dukani.

"Mama," Mangi akaniambia, bila hasira, "mimi mzigo nauza kama ulivyokuja. Ufundi uko kwa mafundi." Halafu akafikiri kidogo, akaniuzia betri mpya kwa nusu bei, kwa ajili ya ujirani. Siyo kwa sheria. Sheria ipo, ile ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya bidhaa mbovu, lakini sijawahi kumwona mtu aliyetoka Mwakitolyo kwenda kuifuata kwa sababu ya betri.

Siku zile ndipo nilipoelewa wakala wa mjini alikuwa ananiuzia nini juu ya pikipiki yenyewe. Alikuwa ananiuzia fundi aliyefundishwa, anayekaza nati kwa kipimo na si kwa hisia. Betri iliyochajiwa. Mtu wa kushughulikia namba na kadi ya usajili. Vipuri kwenye rafu. Zaidi ya yote, mtu wa kumlaumu, mwenye mlango na bango. Mangi hakuwa na hivyo na hakunitoza hivyo. Bei yake ilikuwa ndogo kwa sababu sehemu ya kazi nilikuwa naenda kuifanya mwenyewe, ila hakuna aliyenisomea orodha ya kazi hizo.

Si sisi tulioanzisha kuuza chombo cha moto pamoja na bidhaa nyingine. Sears, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiuza kila kitu kwa katalogi, tangu mashine za kushonea mpaka nyumba nzima za kuunganisha, iliuza magari ya kwanza mwaka 1908: kigari chenye umbo la mkokoteni, kinasafirishwa kwa treni ndani ya kreti mpaka stesheni ya karibu na mkulima. Biashara hiyo ikaisha 1912. Wakarudi tena mwaka 1952 na gari walilolipa jina la Allstate, ambalo lilikuwa tayari jina la matairi na betri zao. Kimsingi lilikuwa Henry J, gari dogo la kampuni ya Kaiser-Frazer, likabadilishwa uso kidogo na kufungwa matairi na betri za Sears. Bei ilikuwa nzuri na jina lilikuwa linaaminika nchi nzima. Mwaka 1953 wakaacha, wakiwa wameuza magari zaidi kidogo tu ya 2,000. Wanaosimulia kisa hicho hutaja sababu mbili: watu hawakuwa na uhakika nani atalitengeneza likiharibika, na duka halikuzoea kupokea gari la zamani la mteja ili kumpunguzia bei ya jipya. Mmarekani aliyenunua suruali, fenicha na tairi kwa Sears aliogopa kununua gari pale pale. Italia nako, miaka ya 2000 ikielekea mwisho, kampuni ya DR iliuza magari yake kwenye maduka makubwa ya Iper, yakiwa yameundwa kwa vipande vya Chery kutoka China. Uingereza supamaketi ya Tesco ilijaribu kuuza magari yaliyotumika mwaka 2011, mwaka uliofuata ikaacha.

Huku kwetu supamaketi zenyewe hazijatulia hata kwa mkate. Shoprite iliondoka Tanzania 2014, ikawaachia Nakumatt. Uchumi ikafunga 2015. Nakumatt nayo ikaanguka. Aliyengoja supamaketi imuuzie gari angekuwa bado anatembea kwa miguu. Duka la Mangi limezishinda zote kwa umri.

Kwa nini basi lililomshinda Sears halimshindi Mangi? Nimelifikiria sana hili. Nadhani ni kwa sababu Mmarekani wa 1952 alikuwa na wakala jirani wa kumlinganisha, na kwetu wakala yuko mbali, ila fundi yuko karibu. Pikipiki ni kitu kinachoeleweka. Ina kabureta, plagi, cheni, klachi, na kijana aliyemaliza la saba Mwakitolyo anaifungua mpaka chini na kuirudisha. Vipuri vyake, halisi na feki, vinauzwa hata mnadani kando ya ng'ombe. Kazi aliyoiacha Mangi ilikuwa na mtu wa kuifanya, tena aliyekaa chini ya mwembe hatua chache kutoka dukani.

Kwa hiyo tulipotafuta pikipiki ya pili nilirudi kwa Mangi. Walionijua walidhani nimechanganyikiwa. Lakini safari hii, boksi lilipofunguliwa, sikumruhusu yule kijana wa saruji aguse kitu. Nilikwenda na fundi wetu wa chini ya mwembe, mtu mzima mwenye vidole visivyotoka grisi hata siku ya Idi, na nilimlipa ujira wake kama sehemu ya bei. Betri ikaenda kulala kwenye chaji kwa mwenye jenereta. Kila spoku akaigonga kwa spana, moja moja, akisikiliza mlio. Yenye mlio wa chini akaikaza. Cheni akaipima kwa kidole. Nati zote akazirudia, za injini, za ekseli, za usukani. Nailoni ya siti akaing'oa, mdogo wangu akanuna, maana nailoni ndiyo inayowaambia watu kwamba ni mpya.

Fundi akamwambia mdogo wangu aiendeshe pole pole, asiibebeshe mzigo, na airudishe mapema. Kitabu kinachokuja na pikipiki kinasema hivyo hivyo, ila kiko kwa Kiingereza na kwa kawaida kinaishia kuwashia moto. Iliporudi, fundi akamwaga oili ya kwanza kwenye karai, akalisogeza juani. Ilikuwa inameta. Vichembe vidogo vya chuma, vile injini mpya inavyojisugua mpaka ikae sawa. Wachimbaji waliokuwa wamekaa pale wakasogea kuchungulia, macho ya kazi, na mmoja akauliza, "Fundi, hizo ni pointi ngapi?" Wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Lakini karai lile ndilo lililowafundisha vijana pale kwa nini oili ya mwanzo haikai mpaka iwe nyeusi. Baada ya hapo nikawaona wakimletea fundi pikipiki mpya kabla ya kuziingiza kazini.

Kadi ndiyo iliyokuwa na maumivu zaidi ya spoku, na hapa sina utani. Pikipiki ya kwanza ilikaa wiki nyingi bila namba. Mangi alikuwa amechukua mzigo kwa muuzaji wa jumla, muuzaji wa jumla ndiye anayeshughulika na TRA, na kila nikiuliza naambiwa kadi iko njiani. Risiti niliyokuwa nayo ilikuwa karatasi ya kitabu cha kaboni, si ya mashine ya EFD. Mdogo wangu akawa anaishia barabara za ndani tu. Usiku sungusungu wanamsimamisha: karatasi yako iko wapi, kijana? Na wana haki, kwa sababu pikipiki zinaibwa, na zisizo na namba ndizo zinazoibwa kirahisi kuliko zote. Trafiki naye hana haja ya hadithi ya Mangi. Faini za bodaboda zilishushwa mwaka 2021 kutoka 30,000 hadi 10,000, jambo jema, ila elfu kumi ya kila kituo ni hesabu ya siku.

Kadi ilipofika ilikuwa na jina la mtu nisiyemjua. Mtu wa kwa muuzaji wa jumla, waliandika jina lake ili mzigo utoke haraka. Kwa serikali, pikipiki niliyoilipa kwa sahani za wali ilikuwa mali ya mgeni. Kubadilisha umiliki kukala hela na safari za mjini, na yule mtu ilibidi abembelezwe asaini.

Kwa pikipiki ya pili nilimwambia Mangi waziwazi: ile iliyobaki kwenye daftari hutaiona mpaka kadi iwe mkononi mwangu, kwa jina langu, kama lilivyoandikwa NIDA, na risiti ya EFD juu yake. Alilalamika kidogo. Kadi ikaja upesi kuliko nilivyotegemea. Hapo ndipo nikaliona lile daftari kwa jicho jingine. Tunadhani mkopo wa dukani unamsaidia muuzaji amfunge mnunuzi, na kweli unamfunga. Lakini unamfunga na muuzaji pia. Wakala anachukua hela yote benki halafu anakupa karatasi ya waranti. Mangi nimemshika kwa kile ambacho sijamlipa. Kati ya dhamana hizi mbili, kwa mtu anayeishi kilometa nyingi kutoka mjini, mimi nachagua ya daftari.

Siwezi kuisifia dhamana hiyo bila kusema ubovu wake. Dhahabu inahama. Siku ikisikika rashi sehemu, iwe Nyarugusu au kwingine upande wa Geita, utaona mabati yanang'olewa alfajiri, na duka lililokuuzia pikipiki jana leo ni nguzo nne na takataka za nailoni. Fundi naye anafunga spana zake anawafuata wateja. Wakala wa mjini atakuwa bado yupo na bango lake. Anayenunua machimboni anunue kwa mtu mwenye nyumba pale, mwenye watoto shuleni pale, si kwa mwenye kibanda cha miti kilichosimama mwezi uliopita.

Na magari? Watu wananiuliza. Mwenye duara akizipata, anataka Land Cruiser mkonga, na ile mpya kabisa ya wakala wanaonunua ni migodi mikubwa, serikali na mashirika. Katika miaka yangu yote huku sijamwona mtu wa kawaida aliyetoka na moja. Wengine wananunua Probox na Noah zilizotumika kutoka Japani, kwa simu, kwenye mitandao kama ya BE FORWARD, wanalipa benki na kungoja meli Dar es Salaam. Hilo nalo ni duka lisilo na wakala, na kazi waliyoachiwa ni kubwa kuliko ya spoku: ushuru, wakala wa forodha, na gari ambalo hukulipiga teke tairi hata mara moja. Jirani yangu aliagiza hivyo, likaja zima. Mwingine lake lilikuja na mlio ambao hakuna fundi wa Mwakitolyo aliyeutambua, akaliuza kwa hasara Kahama. Pikipiki tunaijua, gari bado tunaligusa kwa mashaka.

Ombi langu ni kwa waagizaji wa pikipiki, nyie wenye maghala Dar es Salaam na Mwanza. Mnajua vizuri kwamba mzigo wenu mkubwa hauuzwi kwenye vioo. Unauzwa kati ya saruji na magodoro, Mwakitolyo, Solwa, Katoro, Kakola. Acheni kujifanya hamuoni. Mwekeni Mangi kwenye vitabu vyenu, andikeni kadi kwa jina la mnunuzi tangu mwanzo, tafsirini kile kitabu kiwe Kiswahili, na matengenezo ya kwanza ya bure myalipie kwa fundi wa hapa kijijini badala ya kutuita mjini. Wa kuwafundisha na kuwapa muhuri hamtahangaika kuwatafuta. Wako chini ya mwembe, wanafungua kazi saa moja asubuhi, na pikipiki zenu ndizo wanazozikaza upya kila siku.